Kabureta ya Kushoto

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Leo imefika. Nilidhani ni maneno tu, kumbe Baba Khisa alikuwa ameshapanga na yule mzee Mmaasai. Narudi kanisani na mtoto mgongoni, napata pick-up kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na nyuma kuna kitu kimefunikwa ngozi ya ng'ombe. Nilijua ni nini kabla hakijafunuliwa. Ni pikipiki ya marehemu baba mkwe wangu, Mzee Wakhungu, ile alikufa nayo mwaka wa tisini na nne kwa mteremko wa kuingia Kajiado.

Ni kubwa kuliko nilivyofikiria. Nyeusi, ya Kiingereza, ya zamani kuliko mimi. Taa ya mbele ilivunjika siku ile na hakuna mtu amewahi kuweka nyingine. Mzee Tajeu, huyo Mmaasai, ndiye aliyeitunza kwake, huko kupita Isinya, kwa banda la mbuzi, lakini sasa mvua inabomoa banda. Alinisalimia "Takwenya," nikaitika "Iko" vile Mugure mwenye ploti alinifundisha. Alisimama akiangalia ikisukumwa kuingia kwa nyumba yangu, kisha akaenda.

Ndiyo, kwa nyumba. Chumba ni kimoja na hatuna pengine. Imesimama mahali palipokuwa na meza, na meza sasa iko kwa Mugure. Khisa ameanza kutembea juzi, na leo kitu cha kwanza kushikilia ni ekzosi.

Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo itakuwa kelele, na mume wangu Wasike amechoka, mimi pia nimechoka.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Nepi hazikauki. Nimezianika kwa handeli za piki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wasike amefungua kabureta. Nilidhani piki huwa na moja kama ya jirani, lakini hii injini ina silinda mbili na kila silinda ina kabureta yake, moja kulia, moja kushoto. Amezilaza kwa sinia langu la kupangia chapati, akaanza kuziosha na petroli kwa brashi ya meno. Mimi nageuza ugali kwa jiko, hatua chache kutoka hapo. Nikaona ule moshi wa petroli, ule usioonekana lakini unafanya hewa itetemeke, unatambaa chini kuja kwa makaa. Nilibeba jiko na sufuria juu yake nikatoka nje kwa mvua. Ugali uliiva maji.

Nimeweka sheria: siku ya petroli, jiko haliingii, siku ya jiko, petroli haiingii. Na hakuna petroli kwa chupa ya soda, hata ya dakika moja. Alicheka akasema mimi ni mkali kuliko msimamizi wao kwa timbo wanakochimba mawe. Nikamwambia msimamizi wenu hana mtoto anayeweka kila kitu mdomoni.

Alinionyesha vile zinafanya kazi. Ndani ya kila kabureta kuna kizibo kinachopanda na kushuka. Ukizungusha mkono wa handeli vizibo vinapanda, injini inakunywa na kukimbia. Ukiachilia, vinashuka, inatulia. Vyote viwili lazima vipande pamoja na vishuke pamoja. Nilimsikiliza nikifikiria jambo moja tu: yule mzee alikuwa anajua haya yote, na alikufa.

Jumapili, 26 Oktoba

Imewaka. Alikanyaga mpaka akavua shati, kisha ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikawaka. Ploti nzima ilitoka. Mugure alikuja na mwiko mkononi akasema kama itakuwa inanguruma hivi kila Jumapili, kuku wake watataga mayai yasiyo na ganda.

Lakini haikuwa sawa. Kila mtu aliona inatetemeka vibaya, isipokuwa Wasike. Yeye aliona iko sawa.

Masikio yake yameharibika kwa ile mashine ya kuvunja kokoto. Hatujawahi kuizungumza. Najua tu kwamba mtoto akilia yuko nyuma yake hageuki, na kwa kanisa anaimba juu ya wengine. Leo alinivuta kando, akanipa kipande cha mpira wa maji, kifupi kama mkono. Akasema niweke ncha moja kwa sikio na nyingine karibu na mdomo wa kabureta, nimwambie kama upepo unaoingia ni sawa kulia na kushoto. Hakusema kwa nini hawezi mwenyewe. Sikumuuliza.

Niliinama pale, uso karibu na ile injini ya moto. Nikasikia. Kulia inavuta vizuri. Kushoto inavuta na kukatika, inavuta na kukatika, kama mtoto mwenye mafua anayenyonya, akiachia titi ili apumue. Nikamwambia. Akageuza skrubu ndogo, akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akageuza tena. Tulikuwa hivyo mpaka mvua ikatufukuza.

Jumanne, 4 Novemba

Timbo limejaa maji kama bwawa. Wamerudishwa nyumbani wote, wasubiri kuitwa.

Jumatano, 12 Novemba

Mzee Tajeu amekuja tena. Akileta ng'ombe kwa kichinjio hupitia hapa. Anasimama langoni na fimbo yake mabegani, anaangalia piki ikiwa nje, na anaangalia upande mmoja tu, wa kushoto. Leo aliinama akagusa kabureta ya kushoto kwa kidole, kama mtu anagusa kidonda cha mwingine. Kisha akaaga.

Simpendi yule mzee. Mungu anisamehe. Mugure anasema labda anaona kivuli, na kwamba chuma kilichoua mtu huuzwa kwa skrepa, hakiwekwi karibu na mtoto. Nilimwambia aache hayo maneno mbele ya Khisa. Lakini leo nimelala ukutani, Khisa katikati, ili tusitazamane na piki.

Jumatatu, 17 Novemba

Wasike amepata kazi. Ninaandika hivyo na mkono unakataa.

Ng'ombe wanakufa upande wa Kajiado, kwa hii mvua mbu wamezidi na ugonjwa umeingia. Wafugaji wameungana wanatafuta watu wa kupeleka dawa za chanjo bomani. Magari yanazama kwa udongo mweusi, kwa hivyo wanataka mtu aliye na pikipiki yenye nguvu. Kuanza ni tarehe tano Januari. Kazi ile ile ya baba yake. Barabara ile ile. Piki ile ile.

Nilimuuliza kama ameyafikiria. Akasema hiyo ndiyo maana ya kuitengeneza. Akasema timbo halitafunguliwa, na mtoto hawezi kula mvua. Ni kweli. Nilitoa unga wa mwisho leo asubuhi na yeye aliniona nikikung'uta mfuko.

Kuhusu kifo cha mzee nimeambiwa kidogo kidogo. Piki iliteremka kwa kasi ikagonga ukingo wa daraja. Kando ya barabara kulikuwa na chupa ya pombe, na kwa sababu mzee zamani alikuwa mlevi, kila mtu alimaliza hadithi mwenyewe. Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba mumewe aliacha kunywa tangu aokoke. Mchungaji wa nyumbani alikataa kuhubiri kwa mazishi. Na Wasike, kifungua mimba, alipoambiwa aseme machache kaburini, alisema hana la kusema. Mama mkwe hajawahi kulitaja hilo, na hajawahi kumaliza kikombe cha chai ndani ya nyumba yetu.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo tumeweza. Alichomoa waya wa plagi moja, injini ikatembea na upande mmoja, nikasikiliza mpaka ikatulia. Akarudisha, akachomoa mwingine, tukafanya vivyo hivyo. Kisha zote mbili pamoja. Niliweka kile kipira kulia, nikaweka kushoto, nikarudi kulia. Pumzi moja. Kama watoto pacha waliolala.

Nikamwambia, "Ziko sawa." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hata Khisa angesikia. Alimrusha mtoto juu, akamzungusha kwa matope, akaniambia, "Mama Khisa, wewe ndiye fundi, mimi ni spana tu."

Nilicheka. Saa hii wamelala wote na nimeshika kalamu. Nimemsaidia kutengeneza kile kitu kitakachomchukua.

Jumamosi, 6 Desemba

Nataka kuandika pole pole.

Mvua ilinyamaza mchana na Wasike aliacha injini iwake muda mrefu, kuliko siku zote, ati oili izunguke. Mimi nilikuwa nafua. Akapiga resi, ikapanda, akaachilia. Haikushuka. Ilibaki juu, ikilia kwa sauti nyembamba, ya upande mmoja, ng'aaa, na hakuna mkono ulioishika. Kuku walitawanyika. Khisa alikuwa amesimama mbele ya gurudumu na kijiko. Sijui niliruka vipi lile beseni. Wasike akaziba mdomo wa kabureta ya kushoto kwa kiganja, ndipo ikafa.

Akasema ni waya tu wa kuvuta vizibo, umebanwa chini ya tenki. Akaupanga upya. Ikiwa imepoa akawasha, akaipandisha akaishusha, ikatii kila mara. Akaniambia, "Unaona?"

Naona. Lakini nilisikia, na yeye hakusikia.

Jumanne, 9 Desemba

Imetii leo pia. Ikiwa baridi.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Daraja la kule chini limefunikwa na maji, hakuna gari limetoka Namanga tangu jana. Khisa ana kikohozi.

Alhamisi, 18 Desemba

Mzee Tajeu alinipata peke yangu. Wasike alikuwa ameenda Athi River kuuliza kama timbo litafunguliwa. Mvua ikamkamata mzee langoni na singeweza kumwacha pale, nikamwambia akae kwa baraza. Nikampa chai. Aliishika kwa mikono yote miwili. Khisa, huyo ambaye hulia akiona hata mchungaji, akaenda akasimama katikati ya magoti yake akicheza na shanga.

Nikajikaza nikamuuliza. Nilisema, mzee, wewe ulikuwa rafiki ya Mzee Wakhungu. Siku aliyokufa ulikuwa wapi?

Aligeuza uso kama nimemmwagia maji. Nikajua nimekosea. Kisha akasema taratibu, "Mtoto wangu, sisi mtu akishalala hatumwiti jina. Wewe si wa kwetu, sikulaumu. Lakini usinitajie tena."

Niliomba msamaha. Tukakaa tukiangalia mvua, na piki iko pale ndani ya mlango inatuangalia. Na sijui ni nani aliniwekea neno mdomoni, nikasema, basi mzee sitamtaja mtu. Nitauliza pikipiki. Siku ile, pikipiki ilikuwa inalia vipi?

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Aliweka kikombe chini. Akafumba macho, akafungua mdomo, na yule mzee akatoa sauti. Hawa watu wa mifugo wanaweza kuiga kila kitu, fisi, ndege, lori la maziwa. Alianza chini, tup-tup-tup, ikapanda kidogo, ikafika mahali inapaswa kushuka, haikushuka. Ng'aaa. Nyembamba, ya upande mmoja. Khisa alikimbia akaficha uso kwa leso yangu.

Ilikuwa ni ile sauti ya kwa uwanja wangu. Ningeitambua hata kaburini.

"Nilikuwa kwa mteremko na ng'ombe," akasema. "Ilinipita karibu. Mkono wa kulia ulikuwa unafunga." Akakunja kifundo cha mkono, akakunja, akakunja. "Unafunga, unafunga. Piki inakataa."

Nikamuuliza kama aliyekuwa juu yake alikuwa amekunywa.

"Piki ilitoka kwangu. Aliyekuwa juu alikunywa maziwa."

"Na miaka hii yote hukusema?"

"Walikuja wakiuliza mtu," akasema. "Hakuna aliyekuja kuuliza piki."

Alipoinuka alimtemea Khisa mate kidogo kichwani, kwa baraka. Zamani ningepangusa. Nimeacha.

Jioni

Nimemwambia Wasike. Nilianza vibaya, nilianza na mteremko. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema kwa sauti ile ya chini ambayo siipendi, "Tangu kazi ije umekuwa ukitafuta sababu. Kwanza jiko, sasa mzee anaiga sauti. Sema tu hutaki niende."

Nikamwambia kweli sitaki. Sitaki kabisa. Lakini hilo ni langu, na kile kizibo ni kingine.

"Nimekiosha mwenyewe. Kinateleza."

"Kinateleza kikiwa baridi. Kesho kutwa utaiwasha na utaiacha mpaka mimi niseme imetosha. Ikishuka, utaenda Kajiado na sitafungua mdomo tena. Isiposhuka, haitoki kwa hili lango, hata kama nitalala mbele ya gurudumu."

Ugali wake umelala kwa sahani. Khisa anakohoa. Mimi nasikiliza mabati.

Jumamosi, 20 Desemba

Aliiwasha baada ya chai. Mugure alinichukulia Khisa, akasema anampeleka mbali na vita vyetu. Wasike alikaa kwa ndoo iliyopinduliwa, hakuniangalia. Ikanguruma mpaka manyunyu yakidondoka kwa injini yanakuwa mvuke. Alitaka kupiga resi, nikasema bado. Akataka tena, bado. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba haitashuka, na kwamba itashuka.

Nikasema, "Sasa."

Akapiga resi. Akaachilia. Kulia ikashuka. Kushoto ikabaki juu, ng'aaa.

Aliniangalia mdomo, ili aone nitasema nini. Nilichukua mkono wake nikaubandika kwa kabureta ya kulia, kisha kwa ya kushoto. Mkono hauhitaji sikio. Nilimwona akijua. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja kile kile, na ilipokufa kukawa na ukimya ambao hata yeye aliusikia.

Akaifungua ikiwa bado moto, akaungua vidole. Pale inaposhikana na injini, nati mbili zinazoifunga zilikuwa zimekazwa mno, miaka na miaka, mpaka mwili wa kabureta ukapinda. Kidogo tu, upana wa unywele. Ikiwa baridi kizibo kinapita, ikipata moto kinabanwa. Ndani upande mmoja kuna mng'aro, kama kisigino cha kiatu kilichokwaruzwa.

"Mzee wangu hakuwahi kuvumilia kitu kilegee," Wasike akasema. "Kila asubuhi kabla ya kutoka alikuwa anakaza nati zote. Zote. Mpaka mlango wa choo."

Alikaa chini kwa matope, kabureta mapajani. Nilimwacha. Baadaye alisema, bila kuinua kichwa, kwamba mama ameishi na ile chupa ya kando ya barabara miaka yote hii, na haikuwa yao. Nikasema atamwambia. Akasema atamwambia uso kwa uso, mbele ya wale waliokuwa kaburini.

Tulitoa kioo cha dirisha, tukatandika msasa juu yake, akasugua ile kabureta mpaka ikakaa bapa. Dirisha sasa lina karatasi ya nailoni. Mvua inaipiga kama ngoma.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mugure ametuletea chapati na kuku. Tumejaribu piki ikiwa moto, imeshuka. Nimesema neno lenyewe kwa sauti ili asome midomo: imeshuka.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, matope mpaka magotini, Khisa mgongoni. Nimerudi, tumejaribu tena. Imeshuka.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Nilisema haendi peke yake mara ya kwanza. Alijaribu kubishana, nikamwachia Mugure mtoto, nikafunga leso nikapanda nyuma.

Amefunga swichi ya taa kwa handeli, ile nyeupe ya ukutani, kwa raba ya tyubu. Ukiibonyeza injini inakufa papo hapo. Hiyo ilikuwa sheria yangu pia. Na nati zile mbili zimekazwa kwa vidole, kisha spana kidogo tu, mimi nikiwa nimesimama juu yake. Tulikubaliana: nikimgusa bega mara moja, imeshuka. Nikimpiga mgongo, abonyeze swichi.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kujifungua. Isinya, upepo. Nyanda zote ni kijani kama si huku, na huku na huku mzoga wa ng'ombe. Halafu barabara ikaanza kuinama na nikaona daraja dogo chini, na ukingo wake uliobomoka mahali pamoja. Nilihisi mgongo wa Wasike ukiwa mgumu kama ubao. Akaachilia mkono.

Nilifunga macho ili nisikie vizuri. Kulia. Kushoto. Zote mbili zikateremka pamoja, tup, tup, tup, kama watu wawili wanaoshuka ngazi wameshikana. Nikamgusa bega. Sikuondoa mkono tena mpaka tukavuka.

Mzee Tajeu alikuwa juu ya mteremko na ng'ombe waliobaki. Tulipogeuza na kurudi akatusimamisha. Hakusalimia. Alifunga macho, akaiga alichosikia, chini, polepole, mpaka mwisho wa pumzi. Wasike hakusikia, lakini aliona koo la mzee likitulia. Akavua kofia.

Kisha mzee akatupeleka kwake akatupa maziwa. Wasike alishika kibuyu muda mrefu kabla ya kunywa.

Jumatatu, 5 Januari

Ameenda. Sanduku la dawa nyuma, koti la baba yake. Khisa alipunga mkono mpaka kona. Nilisikiliza mpaka sikusikia, kisha nikaendelea kusikiliza.

Nimefua. Nimepika uji, nimesahau sukari. Mvua imeanza saa za mchana, wingu lote liko upande wa Kajiado. Mugure ameleta meza yangu, tumeiweka mahali pake, na nyumba ni kubwa mno. Kila pikipiki inayopita kwa lami naijua si yake. Nimemwambia Mugure mimi sijapona woga, nimejifunza tu sauti yake. Akasema hiyo si haba, tuchambue maharagwe.

Jioni

Naisikia kwa kona ya posho mill, pale pa kusaga unga, kulia na kushoto pamoja. Imeshuka.